Pembe za Kornel

Tuseme ukweli mapema tusije tukagombana huko mbele: andazi lile lilikuwa gumu. Mwezi wa sita Ufipa si wakati wa kuchezea hamira. Upepo unakata masikio, maji ya kunawa yanauma vidole, na unga ulioukanda jioni unaukuta asubuhi umejikunyata vilevile ulivyoulaza. Kristiana alikuwa ameuweka beseni zima kando ya makaa, akaufunika blanketi, akaubembeleza kama mtoto mwenye homa. Unga ukakataa kuumuka. Akachoma hivyo hivyo, maana mteja wa asubuhi hana habari na hamira ya mtu.

Kwa hiyo mumewe Beda aliposimama kwenye meza yake pale njia panda ya Pito, akang'ata, akalitazama andazi mbele na nyuma, akasema kwa sauti, "Mama Lucia, haya ungeniuzia mimi nikajazie viti," hakusema uongo. Kosa lake ni kuusema ukweli mbele za watu.

Na watu walikuwepo! Stanley wa bodaboda alicheka mpaka pikipiki ikamdondoka. Justa, jirani yao muuza mboga, alijifunika uso kwa kanga, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Maana Beda ni fundi wa kushona viti vya magari, mjini kote anajulikana, na utani wa fundi viti juu ya maandazi ya mke wake ulikuwa mtamu mno kuachwa ulale hapo hapo. Kufika jioni ulikuwa umeshatembea mpaka stendi. Kesho yake kijana mmoja akaja mezani, akaagiza, "Mama, nipe ya kiti mawili." Kesho kutwa watoto wa shule wakapita wakiimba.

Kristiana hakulia, hakutukana, hakuvunja sahani. Aliacha tu kumsemesha mumewe.

Ee bwana, kununiwa na mke katika nyumba ya vyumba viwili si mchezo. "Lucia," Kristiana angesema, Beda akiwa amekaa hatua moja tu kutoka kwake, "mwambie baba yako maji ya kuoga yameshachemka." Na Beda, naye ana kiburi chake, angejibu, "Lucia, mwambie mama yako nimesikia." Lucia, binti yao aliyemaliza kidato cha nne na kubaki akimsaidia mama yake kazi, alivumilia kwa siku chache, kisha akaja juu.

"Jamani, mimi si mnara wa simu!"

"Lucia, mwambie baba yako akufundishe adabu," alisema mama.

"Lucia, mwambie mama yako adabu unayo," alisema baba.

Kuomba radhi? Beda alikuwa ameshalitolea hilo hukumu kule karakana kwake, sindano mdomoni. Mwanamume mzima, ndevu zinaanza kuota mvi, apige magoti kwa sababu ya unga? Utani ni utani. Kristiana angecheka na yeye yakaisha. Lakini hayakuisha. Maandazi yaliyofuata yalitoka laini kabisa, Kristiana aliamka mapema zaidi akaongeza kuni, ila jina lilikuwa limeshakaa. Sinia lilianza kurudi nyumbani nusu. Wakawa wanakula maandazi asubuhi, wanakula maandazi jioni, watu watatu kimya, kila mmoja anatazama chai yake. Beda aliyameza kwa adabu zote, wala hakuthubutu kusema lolote, zuri wala baya.

Jioni moja Kristiana akaweka kikombe chini.

"Lucia, mwambie baba yako Jumamosi ya wiki ijayo mjomba wako Adolfu analeta maharage mjini. Akirudi Mwimbi, narudi naye."

Mwimbi ndiko kwao Kristiana. Mke kwenda kwao kusalimia ni jambo la kawaida. Lakini huyu alikuwa ameshalitoa begi kubwa juu ya kabati. Lucia alimtazama baba yake. Safari hii hakuna aliyemtuma aseme kitu.

*

Kesho yake Halfani, mfanyabiashara wa magari ya abiria pale mjini, alimletea Beda gari. Lilikuwa gari dogo la abiria lililotumika Japani, limetoka bandarini juzi, bado linanuka marashi ya wenyewe. Halfani alitaka viti vyote vivuliwe, vivalishwe upya ngozi ya bandia ya rangi ya damu ya mzee. Beda alipofungua kiti cha nyuma kabisa akakuta boksi limesukumwa chini yake. Ndani mna vitabu vinene vya katuni, karatasi yake laini inayonyonya mafuta, na maandishi kama njiti za kibiriti zilizomwagika.

"Bosi, kuna mali ya watu humu."

Halfani akafungua kimoja, akakigeuza juu chini. "Hiki nani atakisoma? Washia moto, fundi."

Beda hakuwashia moto. Alikumbuka kwamba Kristiana hana karatasi za kufungia maandazi, magazeti ya zamani yamekuwa adimu, na mifuko ya nailoni serikali ilishaikataza. Akalifunga boksi kwenye baiskeli, akalifikisha nyumbani, akaliweka juu ya meza ya jikoni bila kusema kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Mke wake akalitazama boksi, akamtazama Lucia, akasema, "Mwambie baba yako ahsante kwa karatasi." Basi. Samahani ikaishia kuwa karatasi.

Asubuhi Kristiana akachukua kitabu cha juu, akakifungua kama vitabu vyote vinavyofunguliwa, jalada la kushoto, akaanza kuchana.

Karatasi ya kwanza alifungiwa Justa. Aliketi kwenye ndoo yake ya mchicha, akafungua apate kula, akasahau kula.

"Yesu na Maria! Kristiana, umenifungia nini humu?"

Ilikuwa picha ya ukurasa mzima. Msichana mwenye macho makubwa kama visahani amekumbatiwa na kijana mrefu, maua yanawamwagikia, na yule kijana kichwani ana pembe, pembe hasa, ndefu zilizojisokota kama za tandala, zimetoboa paa la kibanda. Pembeni paka mwenye miwani analia kwa furaha.

"Ni mapepo?" aliuliza Stanley, akiinamia bega lake.

"Mapepo gani yanaona haya hivyo? Tazama mashavu yake!"

"Nipe na mimi moja, mama," Stanley akasema. "La, nipe mawili. Nipe yanayofuata na hilo."

Lucia ndiye aliyeitambua. "Hizi katuni za Kijapani, za mapenzi na maajabu. Kwenye simu ziko tele." Na baada ya karatasi tatu nne akawa ameshakamata siri ya zile pembe. Huyu kijana kila akiona haya mbele ya yule msichana, pembe zinamwota. Akimshika mkono, zinaota. Akipewa chakula, zinaota. Kofia zake zote zimetoboka. Msichana anauza vitu vya mviringo vya kukaanga kando ya barabara, Lucia akaapa kwamba ni maandazi, na nani wa kumbishia wakati maandishi hakuna anayeyajua? Wakambatiza yule msichana Silvana. Kijana wakamwita Kornel. Paka wakamwita Katekista kwa ajili ya miwani.

Hapo ndipo njia panda ya Pito ilipopata kichaa. Jua likitoka tu, na baridi yake ile, watu wameshasimama wanapuliza viganja. Stanley alifanya sauti ya Kornel, nzito na yenye kigugumizi. Justa alifanya ya Silvana, na yeye, mama mwenye wajukuu, alikuwa akirembua macho mpaka wanunuzi wa mchicha wanaondoka bila chenji. Kristiana mwenyewe akaweka sheria: kula andazi lako, rudisha karatasi. Lucia akafunga kamba kutoka nguzo ya kibanda mpaka kwenye mti wa jirani, karatasi zikabanwa kwa vibanio vya nguo zikifuatana kuanzia kushoto, zina alama za mafuta ya vidole, na aliyechelewa anasoma kwa kutembea.

Kuhusu viti, hakuna aliyekumbuka tena. Sasa watu walikuwa wanasema, "Mama, nipe ya Kornel." Sinia likawa linarudi tupu.

Beda aliyasikia yote hayo akiwa nyuma ya ua wa nyumba yao, hatua chache tu kutoka mezani, akijifanya anatia upepo baiskeli. Halafu akasikia kitu kilichomfanya aache pampu. Kristiana alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha kumpendeza mteja. Ni kile cha zamani, kinachoanza chini kabisa na kuishia kwa kukohoa, kile alichokijua kule Mwimbi. Wivu ukampanda, na aibu juu yake: fundi mzima, mwenye karakana, anamwonea wivu mvulana wa karatasi mwenye pembe.

Tangu siku hiyo naye akaanza kusoma. Si mezani, thubutu! Alingoja watu watawanyike, akapita kwenye kamba kama mtu anayekagua vibanio. Na karatasi zilizookotwa barabarani alizinyoosha kwenye paja kule karakana, katikati ya sponji na gundi. Alijua jina la paka.

*

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Si ya Pito, ya kwenye karatasi.

Justa ndiye aliyeliona kwanza. "Jamani, hizi pembe ni macho yangu au zinapungua?"

Wakazipima kwa vidole. Kweli. Zilikuwa za tandala, zikawa za beberu. Kesho yake zikawa za mbuzi mdogo. Silvana aliyekuwa akimlisha Kornel kwa mkono sasa alikuwa akimpa sahani kwa mbali. Waliokuwa wakikaa benchi moja wakakaa benchi mbili. Kila karatasi iliyochanwa, hatua moja nyuma.

"Kuna mtu kawaingilia," alisema Stanley kwa uchungu wa kweli. "Hawa wamelogwa."

"Weee, usianze!" Justa akamkata kauli. "Watu wa huko nje wakisikia tu Sumbawanga wanataja uchawi, na wewe mwenyeji unaanza? Hawajalogwa. Wamezoeana. Mazoea ndiyo yanakula watu."

Beda alilisikia hilo nyuma ya ua, likampata barabara.

Ikafika mahali pembe zilibaki vinundu viwili tu, kama vya mwanambuzi, na karatasi iliyofuata ikawa haipo. Lucia alikuwa amemfungia nayo mchuuzi wa samaki aliyekimbilia gari la Kipili, na sasa iko ziwani. Ungedhani kumepotea mtoto! Stanley akampigia kondakta, kondakta akamtafuta mchuuzi, mchuuzi akaikuta mfukoni mwa koti. Jioni picha ikaingia kwenye simu ya Stanley, imepigwa juu ya fungu la migebuka. Watu wakarundikana juu ya kioo kile kidogo. Silvana ameshika ndoo. Maji yote yako kichwani kwa Kornel.

"Mungu wangu, kamwagia maji!"

"Na pembe?"

Lucia akaikuza picha kwa vidole. "Hii picha nyingine ya pembeni hapa... hana. Hana kabisa. Zimeisha."

Mama mmoja mtu mzima, mteja wa siku zote, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge na kuondoka bila kuaga. Lucia akainakili picha ile kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, akaibana mahali pake.

Usiende mbali, Beda hakufanya kazi ya maana siku iliyofuata. Mkono unashona, kichwa kiko Mwimbi. Alijiona kijana, amesimama uani kwa baba yake Kristiana anaomba maji ya kunywa, na ndiyo kwanza ametoka kunywa kwa jirani. Kristiana anamletea kata, yeye masikio yanawaka moto, anashukuru mara tatu, anakanyaga kuku. Wakati ule, kama wanaume wa Kifipa wangekuwa na pembe, za kwake zingeng'oa mlango wa watu. Zilianguka lini? Alijaribu kukumbuka siku aliyoona haya mara ya mwisho mbele ya mke wake, akakosa. Alichokumbuka ni andazi, na watu wanacheka, na yeye katikati yao akijisikia mjanja.

Ijumaa Kristiana akachana karatasi ya mwisho. Hakumfungia mtu. Ilikuwa picha ya barabara na mvua. Silvana anatokea huku na sinia lake, Kornel anatokea kule na mwavuli. Wanapishana. Hawatazamani, hawasalimiani, kila mtu na njia yake, kama watu wasiojuana kabisa. Kristiana aliitazama muda mrefu, kisha akaibana mwenyewe kule mwisho wa kamba, upande wa kulia.

"Basi," alisema, wala hakumwambia mtu. "Wameisha."

Beda alikuwa mlangoni, akamwona uso. Alitaka kusema kitu. Badala yake akaenda karakana akavalisha kiti cha mwisho cha Halfani huku haoni anachofanya.

*

Jumamosi Adolfu akafika mapema kuliko walivyotegemea. Ni mtu mkubwa, mpole, kaka mkubwa wa Kristiana, na gari lake la mizigo lilikuwa limeshashusha maharage sokoni. Beda alimwamkia kwa heshima, akainama akipiga makofi taratibu, jinsi Wafipa wanavyomwamkia mkwe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kuna usalama lakini?"

"Upo, upo," alisema Beda, na hata mbuzi wa jirani asingeamini.

Kristiana alikuwa mezani akichoma sinia la mwisho. Usiku alikuwa akipanga nguo, unga akaukanda alfajiri kwa kulipua, wala haukupata muda wa kuumuka. Wateja walikuwa wengi na wote wamenywea. Hakuna aliyefanya sauti ya Kornel. Walikuja kama wanavyokuja msibani, kununua andazi na kutazama kamba.

Na Beda akafanya kitu ambacho hata mwenyewe hakukielewa. Aliingia ndani, akalibeba lile begi kubwa, akatoka nalo kuelekea kwenye gari la shemeji. Angefanyaje? Kitabu kizima alikisoma kwa macho yake. Pembe zikishapungua zinapungua, zikiisha zimeisha, mwisho ni kupishana kwenye mvua. Alichobakiwa nacho ni kumsaidia mzigo. Kristiana alimwona anapita na begi, akageuza uso haraka akashughulika na karai.

Hapo ndipo bajaji ilipofunga breki, akashuka Bi Mwanamvua.

Huyu ni mke wa Halfani, mama mnene mwenye haraka zake, hesabu za magari yote anazo yeye kichwani. Alikuja amefura.

"Fundi Beda! Wewe fundi! Kiti cha nyuma umekivalisha nini? Mshono wote uko nje, kiti kimevaa kinyume kama mtoto aliyejivalisha mwenyewe! Abiria wangu wanakaa juu ya nyuzi?"

"Shikamoo, mama. Nisamehe, mama. Nitakivua."

"Utakivua leo! Marahaba." Akahema. Baridi ikamkumbusha tumbo. "Mwanangu Kristiana, nipe andazi moja nipoze hasira."

Akapewa. Akaegemea nguzo ya kibanda upande ule uliokuwa karibu na bajaji, upande wa kulia, akaona kamba na mapambo yake. Akaanza kuitazama picha iliyo mbele yake, ile ya mvua. Akasogea hatua moja kushoto. Akasogea tena. Alipofika kwenye ndoo ya maji aliyoichora Lucia akatoa mguno. Alipofika kwenye vinundu viwili akaangua kicheko.

"Haa! Kimemwota kitu kichwani!"

Watu wakatazamana. Bi Mwanamvua hana habari nao, anatembea, andazi mkononi, anasoma. Anafika kwenye benchi mbili, anafika kwenye benchi moja. "Kumbe ni haya! Maskini, anaona haya! Mwone kofia!" Pembe za mbuzi mdogo, pembe za beberu, hasira ya kiti imeshasahaulika. Alipofika mwisho wa kushoto, kwenye maua na paka na paa lililotobolewa, akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Masha'Allah! Wamepatana! Wameoana! Jamani, hadithi tamu hii, mbona mmenuna?"

"Mama," alisema Justa taratibu, kama anamweleza mgonjwa, "hao wameachana."

"Wameachana wapi? Wakati ndiyo kwanza wanakumbatiana mwishoni?"

"Huo ni mwanzo!"

"Nani kasema?"

"Kitabu si kinaanzia kushoto?"

"Kitabu chenu," alisema Bi Mwanamvua. "Mimi kitabu cha kwanza kushika maishani, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kilianzia kulia, na mkono umezoea hivyo mpaka leo. Hawa Wajapani nao naona wamesoma na sisi. Lucia, wewe mwenye macho. Hapo chini kwenye kona si kuna nambari? Soma ya picha ya mvua."

Lucia akainama kwenye kona, akasugua mafuta. "Tatu," alisema. Akakimbia mpaka mwisho wa pili wa kamba. "Mia... mia moja themanini na nane!" Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Tumeisoma kinyume! Yote! Kwenye simu mimi nashuka tu chini, sikujua!"

Nambari zilikuwepo tangu siku ya kwanza, ndugu zangu. Lakini ni nani anayesoma nambari kwenye karatasi ya andazi?

Weee! Ungekuwepo. Watu wazima walikimbia kwenda kuanza upya upande wa kulia, wakasukumana, wakakanyaga mchicha wa Justa, na Justa mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele. Stanley akarudiwa na sauti ya Kornel. Kila hatua ya kushoto pembe zinakua, na kila zikikua watu wanapiga makofi. "Za mbuzi mdogo!" "Za beberu!" "Tandalaaa!" Yule mama aliyelia kwa ajili ya ndoo ya maji alikuwa anacheza kabisa, akimzunguka dereva wa bajaji. Adolfu, ambaye hajui Kornel ni nani wala pembe za kitu gani, alisimama kando ya gari lake akitabasamu kwa tahadhari.

Beda alikuwa bado na begi mkononi. Akaenda mpaka kwenye picha ya mvua, akaanza. Wanapishana, hawajuani. Sawa, hawajuani bado. Akasogea. Ndoo ya maji kichwani. Akasogea tena, akasimama hapo. Maana vile vinundu viwili vya kwanza, vidogo kama punje, vilikuwa vimeota baada ya ndoo. Kijana amelowa chapachapa, maji yanamchuruzika puani, anamtazama yule msichana aliyekasirika, na hapo ndipo pembe zilipoanza.

Kumbe ile haikuwa mwisho.

Akarudi kwenye gari, akalisukumia begi nyuma lilikokuwa linaelekea, kwa kuwa hakujua pa kuliweka. Kisha akaenda mezani. Umati ukaona, kelele zikapungua zenyewe. Mbele ya karai la mke wake, mbele ya Stanley na Justa na wateja wote wa ya kiti mawili, mbele ya shemeji na Bi Mwanamvua, fundi Beda alipiga magoti kwenye vumbi. Akainama. Akapiga makofi taratibu, kama alivyomwamkia shemeji asubuhi, jambo ambalo hakuna mwanamume anayemfanyia mke wake njia panda.

"Mama Lucia," alisema. Masikio yalikuwa yanamwaka, aliyahisi, na sauti ilitoka na kigugumizi ambacho Stanley asingeweza kukiiga. "Ma... maneno yangu ya siku ile niliyasema hapa, na hawa walikuwepo. Basi na hawa washuhudie. Nilikosa. Nilitaka kuwachekesha watu kwa mgongo wako. Yale maneno nayameza."

Kristiana alimtazama. Mkononi alikuwa na mwiko wa kuopolea, mafuta yanadondoka. Akachukua andazi moja kwenye sinia, lile la juu kabisa, akamnyooshea. Maneno hayamezwi makavu.

Beda akang'ata.

Na tulikubaliana kusema ukweli. Lilikuwa gumu. Ule unga wa alfajiri haukuumuka hata kidogo, na baridi ile, lilikuwa gumu kuliko hata lile la kwanza. Beda alitafuna. Taya zilipanda, zikashuka, mshipa ukamtoka kwenye paji la uso. Njia panda nzima ilikuwa inautazama mdomo wake, Bi Mwanamvua naye, ambaye la kwake alikuwa ameshalificha kwenye mkoba.

"Laini," alisema Beda.

Stanley akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kristiana akaweka mwiko chini. Akazunguka meza, akainama, na vidole vyake vyenye unga akampapasa mumewe kichwani, juu ya sikio la kulia, kisha juu ya sikio la kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali zamani.

"Zipo?" aliuliza Justa, akashindwa kujizuia.

Midomo ya Kristiana ilikuwa imeanza kumcheza.

"Lucia," alisema, "mwambie baba yako ni mwongo..."

"Mama! Si huyo hapo!"

Kristiana akamtazama mumewe usoni, alivyopiga magoti na unga kwenye nywele, shavu limevimba andazi. Kile kicheko kikaanza chini kabisa, kikapanda, kikamfikisha kwenye kukohoa.

"Mwongo wewe, Baba Lucia," alisema. "Nenda kashushe begi."

Beda akaenda, bado anatafuna.